Kisigino cha Muuguzi, Tairi la Fundi: Kisa cha Kampuni ya Viatu Dodoma

Kisa hiki nimekifuata kwa karibu nikiwa mwezeshaji wa biashara ndogo hapa Dodoma, na sehemu moja mbaya ya kisa hiki ilitokana na ushauri wangu. Wahusika wameniruhusu kukiandika. Majina yao, jina la kampuni, mtaa na taasisi zilizonunua nimeviondoa. Tarakimu za fedha nimezizungusha, lakini uwiano wake nimeuacha ulivyokuwa ili msomaji aweze kupiga hesabu mwenyewe. Mmoja nitamwita Sista, kama wagonjwa wake wanavyomwita. Mwingine nitamwita Fundi.

Usuli

Sista ni muuguzi katika kituo cha afya ndani ya jiji. Zamu yake ni ya kusimama na kutembea kwenye sakafu ya saruji, na kwa muda mrefu alikuwa anaumwa kisigino. Asubuhi akishuka kitandani, hatua tatu nne za kwanza zilikuwa kama kukanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu hupungua, jioni yanarudi. Kwa kazi yake alijua chanzo: ule utando mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda kwenye vidole ulikuwa umechoka. Alijua pia dawa yake kubwa ni kupumzisha mguu na kuvaa kiatu kinachoubeba vizuri. Kupumzika hakukuwezekana. Kiatu alikitafuta kwenye mitumba ya Sabasaba na kwenye maduka ya mjini. Raba nzuri zilimbana mbele, na zilizomtosha mbele zilipwaya nyuma.

Fundi ni mzee wa Kigogo aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini karibu na soko. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa katambuga, viatu vya tairi wanavyovaa wafugaji wa Bahi, Chamwino na vijiji vya pembeni. Anayeijua ardhi ya huku anajua kwa nini viatu hivyo havijafa. Miiba ya migunga hupenya ndala kama inapita kwenye mkate, na changarawe ya kiangazi humaliza soli ya plastiki mapema. Fundi alikuwa akichagua tairi za lori za nyuzi za nailoni, si zile za waya wa chuma, kwa sababu waya hukataa kisu na baadaye huchomoza na kumchoma mvaaji.

Mji nao ulikuwa unabadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini watumishi walianza kumiminika baada ya tangazo la mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Ofisi ziliongezeka, na pamoja nazo walinzi, wafanya usafi, wahudumu na walimu. Hao ni watu wa kusimama kutwa ambao mshahara wao hauwaruhusu kununua viatu vya bei kubwa. Soko lilikuwepo. Halikuwa na mtu wa kulihudumia.

Wazo lilivyozaliwa

Sista alipeleka kiatu kushonwa. Wakati anasubiri, Fundi alimpa katambuga aweke miguu, kama ilivyo desturi ya mafundi kumwazima mteja kitu cha kukanyagia. Sista akaenda nazo hadi kibanda cha maji na kurudi.

"Fundi, mbona hizi zinanisukuma mbele?"

"Tairi lina mviringo wake, Sista. Mimi silinyooshi. Ukikanyaga, linabiringika lenyewe."

Sentensi hiyo ndiyo wazo lote. Kipande cha tairi kikikatwa kwa urefu wake, upande wa kashata, yaani ule wenye meno, ukiwa chini, hubaki kimepinda: ncha ya vidole na ncha ya kisigino zimeinuka kidogo, katikati pamekaa chini. Mguu unapotembea hauhitaji kukunja sana vidole ili kusukuma mwili, soli inabiringika na kazi hiyo kwa sehemu inafanywa na umbo. Sista aliwahi kuona viatu vya aina hiyo vikielekezwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye vidonda vya unyayo, vinavyopunguza mgandamizo wa sehemu ya mbele. Vile vilikuwa vya kuagizwa. Hapa palikuwa na mzee anayetengeneza umbo lilelile kwa sababu tu hakuona haja ya kupingana na tairi.

Ila katambuga ni ngumu na nzito. Fundi alianza kuparua kashata kwa kisu kilicholowekwa maji ya sabuni hadi unene ukabaki karibu nusu. Sista akaleta vipande vya mkeka wa sponji ya EVA, ule wa kuunganishaunganisha wanaochezea watoto. Jozi ya kwanza ilikuwa tamu kwa wiki tatu, kisha sponji ikabonyea chini ya kisigino na haikurudi. Jozi ya pili ilikuwa na tabaka mbili, gumu chini na laini juu, na hiyo ikadumu. Katika jozi ya tatu Fundi alilowesha ngozi ya mbuzi, akaifunga kwenye kisigino cha mbao alichochonga, akaianika kivulini mpaka ikashika umbo la kikombe. Kivulini, kwa sababu jua la Dodoma hukausha ngozi haraka hadi inapasuka. Kikombe hicho kilizuia kisigino kuyumba, na Sista anasema hapo ndipo asubuhi yake ilipobadilika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu asiye wa hospitali asingeliona. Kiatu cha wazi hakifai wodini. Sindano hudondoka, damu humwagika. Kwa hiyo jozi ya nne ilifunikwa mbele, na matundu ya hewa yakawekwa ubavuni, si juu.

Boksi la makaratasi

Wenzake walipoanza kuagiza, Fundi alitoa sharti moja: kila mtu alete mchoro wa mguu wake, miguu yote miwili, akiwa amesimama, na uchorwe jioni baada ya zamu. Mguu uliosimama kutwa, tena kwenye joto, huvimba. Kiatu kilichopimwa asubuhi kitabana saa kumi.

Michoro ilichorwa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, kila mmoja ukaandikwa namba badala ya jina, na yote ikawekwa kwenye boksi. Sikulijali boksi lile nilipoliona mara ya kwanza. Nilidhani ni utaratibu wa mzee. Baada ya miezi kadhaa Sista alizitandaza karatasi sakafuni na kuzipanga kwa urefu, akaona kitu ambacho namba za madukani hazisemi. Namba ya kiatu hupima urefu. Katika namba za Ulaya, kutoka 38 kwenda 39 unaongezeka theluthi mbili za sentimita, basi. Lakini ndani ya urefu mmoja, miguu ya wateja wake ilitofautiana sana kwa upana wa mbele, na wengi walikuwa wapana mbele na wembamba kisiginoni. Wengi walioamini kwamba wanavaa 40 walikuwa na mguu wa 38 uliotafuta nafasi ya upana.

Wakaacha kuongeza namba na kuanza kutengeneza kila urefu kwa mapana matatu. Fundi akachonga mifano ya miguu ya mbao kufuata michoro ile. Hiyo ndiyo mali kubwa ya kampuni hadi leo, kubwa kuliko mashine yoyote waliyonayo.

Oda kubwa

Walisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wakapata TIN, namba ya mlipakodi, Sista akahudhuria mafunzo ya wajasiriamali, wakachukua vijana wawili. Jozi moja waliuza shilingi 35,000. Malighafi ilikula 17,000, ufundi 8,000, zikabaki 10,000 za kodi ya chumba, usafiri, marekebisho na kila kitu kingine. Muda wa Sista haukuhesabiwa kabisa. Alisema yeye ana mshahara, na mimi nilikubali. Nisingepaswa kukubali.

Mwaka 2023 taasisi moja iliagiza jozi 300 za walinzi na wafanya usafi, kwa 26,000 kila moja, malipo baada ya kupokea mzigo. Hakuna kianzio.

Sista alinipigia simu. Nilimwambia achukue. Nilimwambia oda moja ya namna hiyo inajenga jina kuliko mwaka mzima wa kuuza jozi mojamoja, na kwamba ukinunua kwa wingi malighafi itashuka. Tulikaa tukapanga: malighafi 14,000, ufundi 6,000, zinabaki 6,000 mara 300, yaani 1,800,000. Malighafi yote ilihitaji 4,200,000. Akiba yao ilikuwa 1,200,000. Pengo lilikuwa milioni tatu.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili mwaka huo ili kuandaliwa utaratibu mpya. Benki ilitaka dhamana na muda. Sista akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ambayo kila mtu anaiita kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Tulihesabu mwezi mmoja: riba 600,000, faida inabaki 1,200,000. Kwenye karatasi ilipendeza.

Ili kufika 14,000 na 6,000 walibadilisha vitu vitatu. Gundi ikawa ya bei nafuu. Tabaka mbili za sponji zikawa moja. Na ile kazi ya kushona ukingo wa soli kwa sindano nene ya shazia, inayochukua karibu saa nzima kwa jozi, ikaachwa, soli ikategemea gundi peke yake. Fundi alipinga hilo la mwisho. "Gundi ni mchumba, uzi ndio ndoa," alisema. Walimpa heshima yake, wakaendelea. Vijana watano waliongezwa.

Mvua ya Desemba

Mzigo ulifika mwishoni mwa Novemba. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka ule ilikuwa ya El Niño. Ndani ya wiki mbili viatu vikaanza kuachama. Jozi sabini na kitu zilirudishwa kwa mkupuo, zimefungwa kwenye viroba, na afisa ununuzi akasimamisha malipo hadi tatizo litatuliwe.

Nilikuwepo Fundi alipokaa kuzichunguza, na nilijifunza zaidi siku hiyo kuliko katika semina yoyote. Alibandua soli moja baada ya nyingine na kuzigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza, gundi yote ilibaki upande wa sponji na mpira ulikuwa safi kama haujawahi kuguswa. Maana yake mpira haukukwanguliwa vya kutosha kwa msasa, au ulikwanguliwa ukaachwa wazi, na vumbi letu la Dodoma likatua juu yake kabla ya gundi. Fungu la pili, gundi ilikuwa pande zote mbili na bado inavutika kama ulimbo. Hapo kijana alipaka na kugandisha papo hapo. Gundi hii hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka kidole hakinati, ndipo zinagandamizwa. Ukiwahi, thina inafungiwa ndani na gundi haikomai.

Hakumgombeza kijana yeyote. Aliwaita wote, akawaonyesha mafungu, akawaacha waangalie.

Maamuzi yaliyofuata

Ningekuwa mimi, ningerekebisha zilizorudi na kuomba kulipwa. Sista aliamua kurudisha jozi zote 300, hata zilizokuwa nzima, na kuzishona zote. Nilimuuliza kwa nini ajiongezee gharama. Akanijibu kwa namna ya mtu wa wodini: ukijua dawa ya fungu moja ni mbovu, hungoji kila mgonjwa aje kulalamika.

Kazi ilichukua wiki saba. Fundi aliweka mfereji mwembamba kuzunguka ukingo wa soli ili uzi wa nailoni ukae ndani na usilike na ardhi. Malipo yalitoka mwezi wa tatu wa mkopo. Riba ya miezi mitatu ni 1,800,000, sawasawa na faida yote iliyokuwa kwenye karatasi yetu. Uzi, sindano na posho za vijana zilikuwa hasara tupu. Sista aliuza kiwanja alichokuwa akikilipia kidogokidogo kule Nzuguni, akamaliza deni. Mume wake hakufurahi, na sina haki ya kusema alikosea.

Kisha likaja jambo ambalo hatukulitarajia. Jozi ya mwisho ilipokwisha, Fundi alifunga vifaa vyake kwenye kiroba na kusema, kwa upole kabisa:

"Sista, nimekaa wiki saba bila ujira kwa sababu jina ni letu. Sasa niambie. Mimi hapa ni nani?"

Kwa kumbukumbu za BRELA hakuwa yeyote. Jina la biashara lilikuwa la Sista peke yake. Fundi alilipwa kwa jozi, kama kijana aliyeingia jana, ilhali umbo la soli, kisigino cha mbao na sharti la kupima jioni vilitoka kichwani mwake. Sista hakuwa na nia ya kumdhulumu, hakuwa amefikiria tu. Alilia. Siku hiyo hawakumaliza mazungumzo. Waliyamaliza baada ya mwezi, mbele ya mke wa Fundi na kaka yake Sista, wakakubaliana kusajili kampuni ya hisa. Fundi alipewa asilimia 40 kwa mchango wa ubunifu na kazi, na ikaandikwa kwamba akifariki hisa zinakwenda kwa watoto wake.

Waliamua pia kurudi kwenye aina mbili tu, ya wazi na ya kufunika vidole, kutoka aina kumi na moja walizokuwa wamefikia kwa kumfurahisha kila aliyeuliza. Kila jozi inashonwa. Oda yoyote inayozidi jozi 20 inalipiwa nusu kabla. Na wakaacha kuuza sokoni. Wanakwenda kwenye kituo cha afya, shule au ofisi jioni, wanatandika mkeka, wanachora miguu, wanarudi baada ya wiki mbili na viatu.

Matokeo

Leo wako tisa pamoja na wao wawili. Bei imepanda hadi 45,000 na sasa ndani yake kuna ujira wa Sista. Wateja wa jioni moja huleta wateja wa jioni nyingine, na mara nyingi wana oda za wiki tatu mbele. Taasisi ile iliagiza tena, jozi chache, ikalipa nusu kabla bila kubisha. Deni hawana. Kiwanja hakijarudi.

Uchambuzi

Niwe wazi kwanza kuhusu kosa langu. Niliitazama oda ya jozi 300 kama fursa, nikaipigia hesabu ya siku nzuri: mwezi mmoja, malipo kwa wakati, hakuna kiatu kinachorudi. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, swali la kwanza lilikuwa malipo yakichukua miezi mitatu badala ya mmoja itakuwaje. Ningeuliza hivyo tungeona mbele ya macho yetu kwamba faida inakwisha kabla ya kiatu kimoja kuharibika. Punguzo la bei pia lilikuwa na maana ambayo sikuisoma. Kutoka 35,000 kwenda 26,000 hakukuwa punguzo la jumla. Kulilazimisha kiatu kiwe kiatu kingine, kisicho na tabaka la pili wala uzi, kikiwa bado kimebeba jina lilelile. Wateja waliokuwa wakisifu starehe ya kiatu walikuwa wakisifu hasa vile vitu viwili tulivyoviondoa.

Kilichoiokoa kampuni, kwa maoni yangu, ni kwamba mtengenezaji na mvaaji walikaa benchi moja. Sista alivaa kila jaribio zamu nzima, siyo dakika mbili dukani. Sponji iliyobonyea wiki ya tatu isingegunduliwa na mtu anayepima kiatu kwa kukibonyeza kwa kidole gumba. Vivyo hivyo boksi la makaratasi: lilianza kama sharti la mzee, likawa maarifa ambayo mshindani hawezi kuyapata kwa kununua jozi moja na kuifumua. Soli ya tairi mtu anaweza kuiga, na tayari wapo wanaoiga. Mapana matatu yaliyotokana na miguu halisi ya watu wa hapa yanahitaji jioni nyingi za kuinama.

Kuhusu kuigwa, kuna jambo walichelewa. Waliamini kusajili jina la biashara kumewalinda. Jina la biashara ni utambulisho wa anayefanya biashara. Alama inayobandikwa kwenye kiatu husajiliwa kama alama ya biashara, ombi tofauti kabisa ingawa ofisi ni hiyohiyo ya BRELA, na usajili wake hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Walipokuja kuomba, muuzaji mmoja alikuwa tayari anauza viatu vya chapa inayofanana. Suala hilo bado linaendelea, sitaliingilia.

Mgawo wa hisa wengine wameniuliza kama asilimia 40 ni nyingi kwa mtu ambaye hakuweka fedha. Nadhani ni swali linalodharau mikono. Shida ilikuwa muda: mazungumzo hayo yalipaswa kufanyika jozi ya nne ilipokamilika, wakati hakukuwa na deni wala uchungu, na yangechukua jioni moja badala ya mwezi.

Ngozi bado inawasumbua. Mkoa una ng'ombe na mbuzi wengi, machinjio yapo, lakini ngozi nyingi huja na makovu ya chapa za moto, matundu ya kupe na mikato ya kisu cha mchunaji, na kwa kiatu kinachogusa mguu makovu hayo hupasuka kwanza. Wananunua ngozi iliyokamilika kutoka nje ya mkoa, na usafiri wake unakula sehemu ya bei.

Shida kubwa zaidi ipo kwenye kisu cha Fundi. Ni yeye peke yake anayeweza kuparua tairi likabaki nene katikati na jembamba kwenye ncha bila kupoteza mviringo. Macho yake yanapungua. Mwaka jana walimpa fundi chuma wa mjini kazi ya kutengeneza mashine ya kuparua, na mashine inafanya kazi haraka, lakini soli za kwanza zilitoka na unene mmoja kutoka ncha hadi ncha. Sista alizivaa zamu moja, akazirudisha. Sasa kijana mmoja, yuleyule aliyeiwahi gundi Novemba ile kabla haijakauka, anakaa na Fundi kila alasiri akiparua kwa mkono huku mzee akipitisha kidole gumba juu ya mpira na kumwambia wapi bado.